Sala za Mwalimu Nyerere

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Siku ile mvua ilinyesha, akapewa jina la mzimu wa mvua. Basi jina lake hilo lilitoka katika ibada za wazee wake.

Mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Akajifunza dini ya Kikatoliki, akabatizwa mwaka 1943 kwa jina la Julius. Alipata kuwaza upadre, lakini akawa mwalimu, kisha Rais.

Wingi wa kazi haukumwachisha sala. Desturi yake ilikuwa kwenda Misa alfajiri, akipiga magoti kanisani kama muumini mwingine ye yote. Wala hakuifanya dini yake kuwa dini ya serikali. Mwislamu, Mkristo na mfuasi wa mila walikuwa raia sawa.

Je, sala ilimkinga na makosa? La. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini, na wapinzani wengine waliwekwa kizuizini bila hukumu. Lakini mwaka 1985 aliacha Urais kwa hiari, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Leo Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu.

Nasi wanafunzi tutenge kila siku muda wa kukaa kimya mbele ya Mungu, kila mtu kwa dini yake, kisha tushike kazi, tukijua kwamba tutaulizwa habari zake.