Duc des Abruzzes: toka barafu ya Kaskazini mpaka Ruwenzori

Sisi wa Bunia tukishuka kusini kwa njia ya Komanda mpaka Beni, siku mawingu yakifunguka, tunauona Ruwenzori na kichwa chake cheupe. Mtu wa kwanza kufika kilele chake kikubwa na kukipima alikuwa amejifunza kazi ya barafu mbali sana na huku.

Ni Luigi Amedeo, Duc des Abruzzes, mjukuu wa mfalme wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1873. Mwaka 1899 alipeleka meli yake, Stella Polare, mpaka visiwa vya Franz Josef, kaskazini kabisa mwa dunia. Baridi ikamuharibu vidole viwili, wakamkata ncha zake. Basi akamutuma Umberto Cagni mbele. Tarehe 25 Aprili 1900 Cagni akafika digrii 86 na dakika 34, kupita wote waliomutangulia. Lakini wenzao watatu walioambiwa warudi nyuma, Querini, Ollier na Støkken, hawakuonekana tena. Mwaka 1901 meli ikaenda kuwatafuta, bule. Siye tunaongojea watu wetu kwenye mudomo wa shimo, tunajua uchungu huo.

Mwaka 1906 akaja huku na Cagni, mupiga picha Sella, na Roccati mujuzi wa mawe. Toka Mombasa wakapita Entebbe na Fort Portal, pamoja na mamia ya wapagazi, wakapiga kambi chini ya mwamba wa Bujongolo. Walisoma barometa: kadiri unavyopanda, uzito wa hewa unapunguka, na kwa kupunguka huko njo urefu unahesabiwa. Tarehe 18 Juni wakafika Margherita, ambayo leo inahesabiwa mita 5109. Roccati akachunguza mawe, akaona si mlima wa moto sawa Nyiragongo, ni mwamba wa zamani sana uliosukumwa juu.

Alikufa Somalia mwaka 1933. Barafu aliyoipima, sehemu kubwa imekwisha kuyeyuka, na picha na ramani za safari ile njo zinaonyesha kiasi kilichopotea.

Vilele alivipa majina ya malkia na wakubwa; hakuna hata kimoja alichokipa jina la mupagazi. Wale watatu wa barafuni, walau majina yao yaliandikwa. Kwetu, mashimo mangapi yanaanguka bila mutu kujua nani aliingia asubuhi? Daftari moja na kalamu kwenye mudomo wa shimo si kazi ya wafalme. Tunaweza kuanza kesho.