Habari za Bismarck wa Ujerumani

Wenzangu wengi wakisikia jina la Otto von Bismarck hukumbuka ule mkutano wa Berlin tu. Lakini kwake yeye Afrika ilikuwa jambo dogo, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1815 huko Schönhausen, katika ufalme wa Prussia, mtoto wa bwana mwenye mashamba makubwa. Alisoma sheria, akawa balozi St Petersburg na Paris, na mwaka 1862 Mfalme Wilhelm akamfanya Waziri Mkuu. Siku hizo Ujerumani haikuwa nchi moja. Zilikuwako falme na miji mingi, na Austria ikijiona mkubwa wao.

Bismarck aliziunganisha kwa vita vitatu: na Denmark mwaka 1864, na Austria mwaka 1866, na Ufaransa mwaka 1870. Mimi sisifu vita, lakini tazameni alivyofanya mwaka 1866. Waaustria walikwisha kushindwa kule Königgrätz tarehe 3 Julai, na Mfalme na majemadari wake wakataka kwenda mpaka Vienna na kuchukua ardhi. Bismarck akakataa katakata. Aliona kuwa jirani asiyevunjiwa heshima aweza kuwa rafiki kesho, tena vita vikikawia Ufaransa itaingia. Alishindana na bwana wake hata akatokwa na machozi. Mfalme akakubali kwa uchungu, Prussia haikuchukua hata shamba moja la Austria, na mwaka 1879 nchi hizo mbili zikaahidiana kusaidiana.

Kwa Wafaransa hakufanya vile. Mwaka 1871 Ujerumani ilitwaa Alsace na sehemu ya Lorraine, na kuwatoza faranga milioni elfu tano. Basi tangu hapo ilimbidi akeshe, Ufaransa isije ikapata rafiki wa kulipiza naye kisasi. Alipatana na Austria, kisha na Italia, na mwaka 1887 na Urusi kwa siri.

Hata mkutano wa Berlin, tangu Novemba 1884 mpaka Februari 1885, aliupima kwa mizani ya Ulaya. Mataifa 14 yalikaa, na Mwafrika hakuwapo hata mmoja. Siku ya pili baada ya kufungwa, chama cha Carl Peters kilipewa hati ya ulinzi juu ya Usagara na nchi jirani. Seyyid Barghash wa Unguja alipopinga, manowari zilikuja Agosti zikasimama mbele ya mji wake.

Machi 1890 Kaizari kijana, Wilhelm wa Pili, alimwondoa mzee huyu. Mapatano na Urusi yakaachwa yafe. Tarehe 1 Julai mwaka huo Wajerumani waliacha madai yao juu ya Uganda yetu, wakakubali Unguja iwe chini ya Waingereza, nao wakapewa Heligoland, kisiwa ambacho mtu aweza kukizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Babu zetu hawakuulizwa.

Bismarck alikufa tarehe 30 Julai 1898, Urusi na Ufaransa zikiwa zimekwisha kushikana mikono. Mwaka 1914 vita vikawaka, na Ujerumani ikajikuta ikipigana mashariki na magharibi, jambo aliloliogopa siku zote. Na vijana wa Uganda wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi huko Tanganyika.