IMAM GHAZALI: SIKU ULIMI ULIPOKATAA



Juma hii tukumbuke maisha ya Imam Abu Hamid Al-Ghazali. Alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058) katika mji wa Tus, Iran ya leo. Baba yake alifariki mapema, yeye na ndugu yake Ahmad wakabaki yatima. Akasoma kwa bidii, mpaka kwa Imam Al-Juwayni mjini Nishapur. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimweka kuwa mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake, na wakubwa wa serikali walimheshimu.

Lakini moyoni hakuwa na raha. Alipoipima nia yake, aliona anafundisha kwa kutafuta jina na cheo. Mwaka 1095, karibu miezi sita alivutana na nafsi yake: asubuhi anaazimia kuondoka, jioni anaghairi. Mwisho ulimi ukafungika, asiweze kutamka neno mbele ya wanafunzi. Chakula hakikushuka kooni. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umetoka moyoni.

Hapo akamwomba Mwenyezi Mungu, akaondoka. Hakutupa watu wake. Aliweka mali ya kuwatosha watoto, iliyobaki akaigawa, na Ahmad akashika nafasi yake ya kufundisha. Akaenda Sham. Karibu miaka 2 alikaa huko. Mjini Dimashqi alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkubwa, anajifungia mlango kutwa nzima kwa ibada. Akafika Baytul Maqdis, kisha akahiji Makka. Baadaye mapenzi ya watoto yakamrudisha nyumbani. Katika miaka hiyo ya utulivu alitunga kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, Nishapur. Alifariki Tus mwaka 505 Hijria (1111).

Ndugu zangu, wangapi kati yetu wamefika pale alipofika Imam? Baba anatafuta pesa ya masomo ya watoto, usingizi umemkimbia. Mama anabeba mzigo wa soko na wa nyumba, hana wa kumwambia. Tunaona haya kusema tumechoka, mpaka mwili unasema wenyewe.

Hatuna miaka 2 ya kukaa mnarani. Lakini baada ya sala ya Alfajiri tunaweza kubaki msikitini kidogo, simu imezimwa, kila mtu ajiulize: mzigo huu ninaubeba kwa ajili ya nani? Ule wa kutafuta sifa, autue. Ule wa haki, aombe ndugu amsaidie, kama Ahmad alivyomsaidia kaka yake. Na ukimwona jirani amenyamaza, usingoje akuite. Kupumzika hivyo si kukimbia kazi: Imam alirudi darasani.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Ghazali, na atutulizie mioyo yetu. Amin.