Pyotr Smirnov: Alizaliwa mtwana, akafa tajiri wa vodka Moscow

Ukiingia baa yoyote kubwa, iwe Nairobi, Dar es Salaam au New York, kwenye rafu ya nyuma ya kaunta jina lake lipo. Watu wanalitamka kila siku wakiagiza kinywaji, bila kujua kwamba Smirnov alikuwa mtu kweli, mwenye baba, mama na deni la kuzaliwa.

Deni hilo halikuwa la pesa. Pyotr Arsenievich Smirnov alizaliwa mwaka 1831 katika kijiji cha Kayurovo, mkoa wa Yaroslavl nchini Urusi, na alizaliwa mtwana. Familia yake ilikuwa mali ya mwenye shamba. Walilima ardhi isiyo yao, walihitaji ruhusa kusafiri, na wangeweza kuuzwa pamoja na shamba lenyewe.

Miaka 67 baadaye mtoto huyo alifariki akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Moscow, muuzaji rasmi wa vinywaji kwa mfalme wa Urusi. Safari hiyo ilipita kwenye mapipa ya matunda, magunia ya mkaa na maneno makali ya watu waliomwona kama muuza sumu.

Jina lenye maana ya upole

Watwana wengi wa Urusi hawakuwa na jina la ukoo. Walitambulika kwa jina la baba, basi. Ukoo huu ulichukua jina la Smirnov, linalotokana na neno la Kirusi lenye maana ya mtu mpole, mtulivu.

Wanaume wa ukoo walikuwa wachakarikaji. Mwenye shamba aliwaruhusu baadhi ya watwana kwenda mjini kufanya kazi, mradi wampelekee sehemu ya kipato kila mwaka. Kwa mpango huo baba zake wadogo na wakubwa waliingia kwenye biashara ya mvinyo na nyumba za wageni, na Pyotr akawafuata akiwa bado kijana. Shule yake ikawa hiyo: kufagia, kubeba, kuhudumia wateja, kuhesabu chenji na kujifunza nani anakunywa nini.

Miaka michache kabla ya Mfalme Alexander wa Pili kufuta utwana mwaka 1861, familia yao ilikuwa tayari imepata uhuru wake. Wakati mamilioni ya wakulima wanajiuliza waanzie wapi, Pyotr alikuwa Moscow na kaduka kadogo ka mvinyo.

Mlango unafunguka mwaka 1863

Bahati yake kubwa ilitoka serikalini. Kwa miaka mingi haki ya kuuza pombe kali ilikuwa inakodishwa kwa matajiri wachache. Walilipa serikali fungu nono, kisha wakajirudishia kwa kuwauzia wananchi vodka mbovu, iliyoongezwa maji na makorokoro mengine. Mwaka 1863 mfumo huo ulifutwa, ikaja kodi ya kawaida. Mtu mwenye mtaji kidogo na leseni aliweza kuingia sokoni.

Smirnov hakulaza damu. Mwaka uliofuata kiwanda chake kilikuwa kinafanya kazi, na 1864 ndio mwaka unaotajwa hadi leo kama mwanzo wa jina hilo. Baadaye akanunua jengo mtaa wa Pyatnitskaya, jirani na Daraja la Chuma, ng'ambo ya mto. Likawa nyumba, duka na ofisi kwa pamoja. Picha ya jengo hilo ikawekwa kwenye lebo za chupa ili mteja asiyejua kusoma asikosee.

Siri ya mkaa na maji

Vodka kwa asili ni kitu rahisi: spiriti ya nafaka na maji. Ubaya ni kwamba spiriti isiyosafishwa vizuri inabaki na mafuta na harufu zinazokwaruza koo. Mafundi wa Urusi walikuwa wakiipitisha kwenye mkaa, hasa wa mti wa birch, kwa sababu mkaa una vitundu vidogo vinavyonasa harufu hizo. Smirnov hakugundua njia hiyo. Alichofanya ni kuisimamia kwa ukali, chupa baada ya chupa, ili ladha ya Jumatatu iwe ileile ya Ijumaa. Vodka yake namba 21, ya bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu, ilifika hadi kwa wanajeshi na mabaharia.

Matunda yaliyomtofautisha

Vodka tupu kila mtu alikuwa nayo. Kilichompaisha Smirnov ni vinywaji vya kulowekwa.

Huu ulikuwa utamaduni wa majumbani. Kila familia ya Kirusi iliyojiweza ilikuwa na mitungi ya kioo sehemu yenye giza, ndani yake vodka na matunda ya msimu. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni nastoika: matunda, mizizi, maganda ya limau au viungo vinalowekwa kwenye vodka kwa siku au wiki kadhaa, halafu vinachujwa, na pombe inabaki na ukali wake. Ya pili ni nalivka: matunda mengi yenye maji, kama cheri au rasiberi, pamoja na sukari, na matokeo yake ni kinywaji kitamu na laini zaidi.

Hapa watu huchanganya mambo. Kuloweka siyo kupika gongo. Anayeloweka anaanza na pombe iliyokwisha kutengenezwa na kusafishwa. Yeye anachukua rangi, harufu na ladha ya tunda tu. Mkaa na matunda haviwezi kuokoa pombe iliyoharibika. Smirnov alilijua hilo, ndiyo maana alianzia kwenye spiriti safi.

Alichofanya ni kuchukua kitu cha bibi jikoni na kukifanya bidhaa ya kiwandani. Wakati wa mavuno matunda yaliingia kwa wingi: cheri, rasiberi, zabibu pori. Yalichambuliwa kwa mkono, yaliyooza yakatupwa, mengine yakaingia kwenye mapipa. Orodha yake ya vinywaji ikawa ndefu.

Maarufu kuliko vyote ulikuwa wa tunda la rowani, vitunda vidogo vyekundu ambavyo ukivila mbichi vinakunja uso kwa uchungu. Baridi kali ya kwanza ikishavipiga uchungu hupungua, na ndipo huchumwa. Ipo pia jamii ya rowani yenye utamu wa asili, na hiyo ndiyo aliyoitaka Smirnov. Inasimuliwa kwamba miti hiyo ilikuwa katika kijiji cha Nevezhino, lakini yeye akakipa kinywaji jina la Nezhin, mji wa mbali kabisa, ili washindani wakatafute huko wasipate kitu. Kweli au chumvi, rowani ya Nezhin ilitikisa Urusi nzima.

Watu wa kuagiza kwa kelele

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa Moscow kuhusu namna alivyoanza kujulikana. Inasemekana alikwenda kwenye soko la Khitrov, palipokuwa na watu wasio na kazi, akawakusanya wanaume kadhaa, akawalisha na kuwapa vijisenti. Kazi yao ilikuwa moja: wazunguke vilabu vyote vya mji, waagize vodka ya Smirnov, na wakiambiwa haipo walalamike kwa sauti ya juu kwamba klabu gani hii isiyo na kinywaji cha maana. Siku chache baadaye wenye vilabu wakaanza kupanga foleni dukani kwake.

Kwa wakubwa alitumia mbinu nyingine. Alipeleka chupa zake kwenye maonyesho makubwa: Vienna mwaka 1873, Philadelphia 1876, Paris 1878, Moscow 1882. Kila aliporudi na tuzo, iliingia kwenye lebo. Mwaka 1886 akapata alichokuwa anakitafuta miaka yote, cheo cha muuzaji rasmi wa ikulu ya Mfalme Alexander wa Tatu. Mtoto wa mtwana akawa na haki ya kuweka tai wa ufalme kwenye chupa zake.

Upande wa pili wa chupa

Lakini wakati pesa zinaingia Pyatnitskaya, vijijini hali ilikuwa mbaya. Wanaume walikunywa mshahara wote siku ya malipo. Wanawake walisubiri nje ya vilabu kuokoa kilichobaki. Serikali yenyewe haikuwa na ubavu wa kukemea sana, maana kwa vipindi vingi kodi ya pombe ilileta karibu theluthi moja ya mapato yake.

Anton Chekhov, aliyekuwa daktari na mwandishi kijana, aliwakejeli gazetini wenye viwanda vya vodka wa Moscow katika miaka ya 1880, Smirnov akiwemo. Mwaka 1887 Leo Tolstoy alianzisha chama cha watu walioahidi kuacha pombe. Kwa mtu aliyehangaika maisha yake yote kupata heshima, hilo lilikuwa pigo. Smirnov alitoa fedha nyingi kwa makanisa, shule na maskini. Hata hivyo misaada hiyo haikufuta swali lenyewe: pesa zilitoka wapi? Wengi waliosaidiwa kwa mkono wake wa kulia walikuwa wameumizwa na biashara ya mkono wa kushoto.

Serikali yachukua meza

Pigo la mwisho lilitoka palepale bahati yake ilipotoka. Mwaka 1894, chini ya Waziri wa Fedha Sergei Witte, serikali ilipitisha sheria ya kuchukua biashara yote ya vodka ya kawaida. Ilianza mikoa ya mashariki mwaka 1895 na ikawa inasogea polepole kuelekea Moscow. Smirnov aliona inavyokuja, kama mtu anayetazama maji ya mto yakipanda hatua kwa hatua.

Alifariki mwishoni mwa mwaka 1898. Hakuiona siku ambayo Moscow nayo iliingizwa kwenye mfumo huo, Julai 1901. Viwanda binafsi viliachiwa vinywaji vya kulowekwa na vingine maalumu, kwa masharti. Yaani matunda ya Smirnov yaliishi kuliko vodka yake.

Wanawe hawakuelewana. Waligawana, wakanunuana hisa. Mwaka 1914 vita vikaanza na mfalme akapiga marufuku pombe kali. Mwaka 1917 yakaja mapinduzi, na mali ya ukoo ikataifishwa.

Kokteli ambayo hakuionja

Mtoto wake mmoja, Vladimir, alikimbia nchi. Alipitia Istanbul na Poland, akaishia Ufaransa, na jina likaanza kuandikwa Smirnoff. Mkononi hakuwa na kiwanda wala mapipa. Alikuwa na jina na kumbukumbu za namna ya kutengeneza. Mwaka 1933 alimuuzia haki za Marekani mhamiaji mwenzake, Rudolph Kunett, ambaye naye biashara ilimshinda. Mwaka 1939 kampuni ya Heublein ilizinunua kwa dola 14,000 hivi.

Wamarekani walikuwa watu wa wiski. Vodka hawakujua waifanyie nini. Jibu lilipatikana mwaka 1941 likihusishwa na baa ya Cock 'n' Bull mjini Los Angeles, iliyokuwa na soda ya tangawizi isiyotoka. Vodka, tangawizi, maji ya ndimu na barafu, ndani ya kikombe cha shaba. Wakaiita Moscow Mule, yaani nyumbu wa Moscow, na kuanzia hapo vodka ikashika Amerika.

Pyotr Smirnov alikuwa kaburini zaidi ya miaka 40. Jina ambalo babu zake hawakuwa nalo ndicho kitu pekee cha ukoo kilichobaki na thamani. Ardhi, jengo la Pyatnitskaya, mapipa na tai wa mfalme vyote vilikwenda. Jina likavuka bahari peke yake, na likauzwa kama wazee wake walivyoweza kuuzwa.