Mtakatifu Yosefina Bakhita

Jina hili Bakhita ni lile lile letu la Bahati, nasi hapa Nansio tunao wengi waitwao hivyo. Lakini yeye hakupewa na mamaye. Alipewa na wezi waliomteka angali mtoto, huko Darfur katika nchi ya Sudani; na kwa hofu kuu iliyompata alilisahau jina la kwao, asilikumbuke tena hata kufa.

Aliuzwa mara nyingi. Katika nyumba ya jemadari mmoja wa Kituruki alichanjwa kwa wembe, chanjo 114, zikatiwa chumvi. Mwaka 1883 balozi mdogo wa Italia alimnunua Khartoum, naye hakumpiga. Mwaka 1885 akafika Italia. Bibi yake mpya alipotaka kumrudisha Afrika, alikataa kutoka katika nyumba ya Masista Wakanosa. Na tarehe 29 Novemba 1889 baraza la hukumu likatamka kuwa yu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikujua utumwa. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri mwaka 1896.

Huko Schio alipika, alishona, alifungua mlango. Alikiri kwamba akikutana na wale wezi angewabusu mikono, kwani kwa njia yao alimjua Mungu. Neno hilo ni gumu kwetu, maana ziwa hili nalo lilivusha watumwa kutoka Buganda hata ng'ambo ya kusini.

Alipougua mwisho aliomba alegezewe minyororo. Akafa tarehe 8 Februari 1947, siku tumwadhimishayo sasa, tangu Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mtakatifu mwaka 2000.