Einstein na Mashua Zake

Ukisikia jina Albert Einstein unawaza fizikia na zile nywele timtim, si ndiyo? Sasa ngoja nikuambie: mzee huyu alipenda mashua kupindukia, na kuogelea hakujua! Jaketi ya kuokoa maisha nayo hakutaka kuvaa.

Alipotimiza miaka 50, mwaka wa 1929, marafiki walimzawadi mashua ya tanga huko Ujerumani. Mwaka wa 1933 Wanazi wakaitwaa. Yeye, Myahudi asiyenyamaza, alikuwa ng'ambo, na hakurudi tena. Huko Marekani akanunua nyingine ndogo, akaiita Tinef, yaani takataka. Upepo ukikatika, anatoa daftari anapiga hesabu zake.

Alistaafu mwaka wa 1945 mjini Princeton, lakini usidhani alikaa tu. Matembezi marefu, vitabu, muziki. Fidla ndiyo inayonigusa. Mamake alimwanzishia masomo yake akiwa mtoto, na mwanzoni aliyachukia kabisa. Baadaye akawa hasafiri bila fidla. Uzeeni ikabidi aiweke chini, akabaki na piano.

Alifariki Aprili 1955, akiwa na miaka 76. Fidla hiyo, aliyoiita Lina, alimwachia mjukuu wake Bernhard.