Charles Rolls
Charles Rolls alizaliwa London mwaka 1877, mwana wa tajiri. Kazi yake ilikuwa kuuza motakaa. Nyingi zilitoka nchi za ng'ambo, naye alitamani iliyo bora ya Kiingereza. Mwezi wa Mei 1904 alikwenda Manchester kuonana na fundi Henry Royce, ambaye utotoni aliuza magazeti; kweli wawili hao hawakufanana hata kidogo. Rolls alipoipanda motakaa ya Royce, alistaajabu jinsi ilivyokwenda kimya. Wakapatana: Royce atengeneze, Rolls auze. Hata maharaja wa Bara Hindi wakazinunua.

Lakini moyo wa Rolls ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye eropleni. Tarehe 2 Juni 1910 alivuka bahari mpaka Ufaransa, akarudi bila kutua. Siku 40 baadaye, huko Bournemouth, mkia wa eropleni yake ulivunjika mbele ya watazamaji. Akaanguka, akafa, umri wake miaka 32. Royce hakuliondoa jina la mwenzake katika motakaa.